Tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito sina hamu na mambo niliyokuwa nafanya na marafiki. Ni homoni, ni akili, au ni wao?

#1 Nyotanjema

Wakuu, salamu. Nina swali ambalo nimelizungusha kichwani muda mrefu na nyumbani sina wa kumuuliza.

Nilifanyiwa slivu, ule upasuaji wa kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, na mwaka wa kwanza unaelekea kuisha. Uzito umeshuka vizuri, magoti hayaumi tena, presha imetulia. Upasuaji wenyewe sina malalamiko nao. Kinachonisumbua ni kingine. Mimi na rafiki zangu watatu tuko pamoja tangu ujana, na urafiki wetu una ratiba yake: mwisho wa wiki tunakutana kwa mmoja wetu, tunapika, tunakula, tunakaa mezani mpaka usiku mkubwa. Tulikuwa tunatafutiana mapishi, tunabishana kuhusu viungo, tunatumiana picha za sahani. Siku hizi nashiba kwa vijiko vichache tu, na muda wote unaobaki macho yangu yako kwenye saa ya ukutani. Na si chakula peke yake. Filamu tulizokuwa tunaangalia, soga zetu, vyote havinishiki. Nawapenda vilevile, ila ile hamu ya kuondoka nyumbani niwafuate imekauka.

Dai langu ni hili: walipokata ule mfuko wa tumbo, waliondoka na kitu kinachotia hamu ya mambo kwa jumla, si njaa tu. Aliyepitia haya aniambie.

#2 Sindano_na_Uzi

Nimekuja mbio kusoma huu uzi. Mimi pia slivu, miaka kadhaa sasa, na dai lako nalipinga. Hamu ya kula ilipoondoka kwangu ilikuja hamu ya kufuma. Jioni ule muda niliokuwa natafuna huku naangalia televisheni mikono ilibaki haina kazi, nikachukua sindano. Leo watoto wote wa ukoo wana sweta nilizofuma mimi. Kama wangekata hamu yote, hii ingetoka wapi?

#3 Mzee_wa_Baipasi

Nyotanjema hajakosea sana. Sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo, ile iliyotuna upande wa kushoto, ndiyo inayotengeneza ghrelini nyingi mwilini. Ni homoni iliyogunduliwa na Wajapani, Kojima na Kangawa na wenzao, mwaka 1999. Slivu huondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko, na hiyo sehemu ya juu ni miongoni mwa vinavyoondoka. Sasa watu wengi wanajua ghrelini kama homoni ya njaa, basi. Lakini inafika pia kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na raha na kuisubiri raha. Ukiipunguza ghafla, usishangae mtu akiona dunia imepoa kidogo.

Mimi nina baipasi, upasuaji unaoacha kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo, ule wa Roux, yule Mfaransa aliyebuni kuunganisha utumbo kwa umbo la herufi Y. Miezi ya mwanzo nilikuwa hivyohivyo. Sikuchukia kitu wala mtu, ila hakuna kilichoniita.

#4 Swali_Tu

Nyotanjema, tafadhali usiwaambie hao rafiki zako kwamba miaka yote walikuwa wanapendwa na tumbo 😄

#5 Tulivu

Mzee, shikamoo, na naomba nisahihishe mawili matatu kwa heshima. César Roux alikuwa Mswisi, na alibuni muunganisho ule wa Y kwa matatizo mengine ya tumbo kabisa. Alifariki 1934, kabla hata upasuaji wa kupunguza uzito haujaanza. Waliofungua njia ya baipasi kwa ajili ya uzito ni Edward Mason na Chikashi Ito, Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1966 na 1967.

La pili ni hiyo ghrelini. Kwenye slivu inashuka, hilo halina ubishi. Kwenye baipasi tafiti hazikubaliani: nyingine zinasema inashuka, nyingine inabaki palepale, nyingine inapanda. Na bado watu wa baipasi, akiwemo wewe mwenyewe, wanasimulia mambo yaleyale. Kwa hiyo ghrelini haiwezi kubeba mzigo wote. Baada ya upasuaji wa aina zote mbili, homoni za utumbo zinazoleta shibe, GLP-1 na PYY, hupanda sana mtu akishakula, na hizo nazo zinaongea na ubongo.

Lakini kabla hatujafika huko: Nyotanjema, umepima damu lini? Madini ya chuma, B12, folati, vitamini D, na tezi ya shingo. Mtu mwenye upungufu wa damu huchoka na kupoteza hamu ya kila kitu, na nje hana dalili yoyote ya kumtia mtu wasiwasi. Mimi ni muuguzi, nimewaona wengi waliodhani wamebadilika tabia, kumbe ni chuma.

#6 Nyotanjema

Asante Tulivu. Vipimo vya mwezi wa sita vilikuwa sawa. Vingine bado.

#7 Tulivu

Basi vya mwaka usivikwepe. Ini huweka akiba ya B12 inayoweza kukaa miaka, ndiyo maana upungufu wake huchelewa kujitokeza. Kipimo kizuri cha mwezi wa sita hakikuahidi chochote kwa mwaka wa pili.

#8 Kasia

Mnaongea homoni na vitamini, mimi nawaletea historia. Mwaka 1944 hadi 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa miezi sita mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Kilichowapata: walijitenga, utani ukawaisha, hamu ya mapenzi ikawatoka, hata mijadala waliyokuwa wanaipenda wakaiacha. Na hakuna aliyewagusa tumbo kwa kisu.

Kwa hiyo mimi nasema ni kupungua kwenyewe. Mwili unaokula kidogo hufunga milango ya ziada ili ubaki na nguvu za lazima. Nyotanjema mwaka mzima amekuwa akila kidogo mno. Angepungua kwa njia yoyote nyingine angeyapata yaleyale.

#9 Mzee_wa_Baipasi

Marahaba Tulivu, nimepokea.

Kasia, historia yako ni ya kweli lakini umeisimulia nusu. Wale vijana wa Minnesota walikuwa wanawaza chakula mchana na usiku. Walisoma vitabu vya mapishi, waliota chakula, walilamba sahani. Nyotanjema anasema kinyume, hata picha za sahani hazitaki. Mtu mwenye njaa kali huongeza hamu moja na kupoteza nyingine zote. Huyu amepoteza na ile moja. Hapo ndipo upasuaji unapotofautiana na kujinyima, na ndiyo sababu sisi tunaweza kupungua bila kuteseka vile.

#10 Kasia

Hoja nzuri. Lakini kujitenga kwao kunafanana na kwake mno, siwezi kukuachia yote.

#11 Mama_Mapacha

Naomba niseme nikiwa upande wa pili wa meza. Mimi sijafanyiwa chochote. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana ndiye aliyefanyiwa.

Nyotanjema, umeuliza kama marafiki wamebadilika. Ndiyo, tunabadilika, na hakuna anayetuuliza. Rafiki yangu aliporudi kutoka hospitali sikujua nimwalike au nisimwalike. Nikipika nitakuwa namtesa, nisipopika nitakuwa nimemtenga. Nilianza kupunguza sahani yangu nikiwa naye, si kwa kupenda, bali kwa sababu niliona kila ninapoongeza kijiko yeye ameshaweka chini cha kwake. Hakuwahi kunisema. Lakini nilijihisi naangaliwa. Akipungua, watu wanamsifia mbele yangu halafu macho yao yanahamia kwangu. Nilianza kutafuta sababu za kutokwenda, na nadhani yeye alisoma kutokwenda kwangu kama wivu.

Tulikaa miezi hatujaongea lolote la maana. Mpaka siku moja akaja kwangu asubuhi, bila mwaliko, bila mlo wowote kupangwa, akaniambia anataka tupange upya stoo yangu iliyonishinda. Tulipanga masanduku tangu asubuhi hadi jioni na tuliongea kuliko miaka mitatu ya nyuma. Hatukugusa habari ya uzito.

Kwa hiyo kabla hujaiweka lawama kwenye homoni, waulize wao wanajisikiaje. Huenda na wao wanaangalia saa ileile ya ukutani.

#12 Sindano_na_Uzi

Mama Mapacha umenigusa. Niseme kitu ambacho wengi wetu tuliofanyiwa hatukisemi: kwa urafiki wa namna hii chakula kilikuwa gundi. Ukiitoa, ndipo unapoona vipande gani vilikuwa vinashikana vyenyewe na vipi vilishikwa tu.

#13 Fundi_Baiskeli

Mimi naona mnaizungusha habari iliyo rahisi. Umebadilika wewe, wao hawajabadilika, mnaachana. Nilipopungua nilinunua baiskeli, nikaingia kwenye kundi la waendeshaji, leo marafiki zangu wote ni wa baiskeli. Wale wa zamani tunasalimiana vizuri tu. Na utafiti upo: Sweden walichapisha mwaka 2018 kwamba waliofanyiwa upasuaji huu huachana zaidi na wenza wao. Kama ndoa zinavunjika, sembuse urafiki wa mezani?

#14 Tulivu

Fundi, utafiti huo upo, ila umetaja upande mmoja. Waliokuwa na wenza waliachana zaidi wakilinganishwa na wasiofanyiwa, sawa. Lakini ulionyesha pia kwamba waliokuwa peke yao walioa, kuolewa au kupata wenza wapya kwa wingi zaidi. Na haukuthibitisha sababu. Huenda mtu aliyekuwa kwenye uhusiano mbaya amepata nguvu ya kutoka. Tusiutumie kumwambia dada yetu aachane na watu aliokua nao.

#15 Fundi_Baiskeli

Sijamwambia aachane. Nimemwambia aende mahali ambapo mwili wake mpya una kazi.

#16 Jiwe_la_Pembeni

Mimi ni wa zamani kidogo, nilifungwa ule mkanda wa tumbo unaokazwa na kulegezwa, enzi zake ulipokuwa unasifiwa sana. Nilipungua, halafu mkanda ukateleza, ukatolewa, na uzito ukarudi karibu wote. Baadaye sana nikafanyiwa baipasi. Kwa hiyo nimepita kwenye urafiki huu mara mbili, kwenda na kurudi, na nina jambo moja la kuwaambia.

Nilipopungua mara ya kwanza, kundi langu lilipoa. Uzito uliporudi, na wao walirudi! Simu zikaanza, mialiko ikaanza, wakaniambia "sasa umekuwa yule wetu." Niliumia kuliko nilivyoumia kwa ule mkanda. Nikajua kuna watu waliokuwa wananihitaji niwe mnene ili wao wakae vizuri. Lakini kulikuwa na mmoja, jirani yangu, ambaye nilipokuwa mnene tulicheza naye karata, nilipopungua tulicheza karata, uzito uliporudi tulicheza karata, na sasa bado ananifunga.

Mzee anasema homoni. Homoni zangu zilibadilika mara ngapi? Hamu yangu ya karata haikuyumba hata siku moja. Kwa hiyo mimi nawaambia si homoni. Ni nani aliye upande wa pili.

#17 Mzee_wa_Baipasi

Jiwe, pole kwa yote. Ila mkanda hauondoi sehemu yoyote ya mfuko, na kwa waliofungwa mkanda ghrelini haishuki. Wakati ule wa mkanda hukuwa kwenye hali ya Nyotanjema. Ushahidi wako wa mara ya kwanza hauwezi kunipinga mimi, labda wa mara ya pili.

#18 Jiwe_la_Pembeni

Mara ya pili ni baipasi, chombo chako mwenyewe, na karata ziko palepale. Unasemaje?

#19 Swali_Tu

Mzee amefungwa, hesabuni pointi.

#20 Waridi_Jekundu

Mbona hakuna aliyetaja hofu? Mimi kwa miezi mingi sikutaka kukaa na watu mezani kwa sababu ya dampingi. Baipasi yangu ikikutana na kitu chenye sukari nyingi, ndani ya nusu saa moyo unadunda, jasho linatoka, tumbo linakata, natafuta mahali pa kulala. Ilinikuta mara moja mbele za watu. Tangu siku hiyo mwaliko wa chakula ukija mwili unakataa kabla sijajibu. Nilikuwa najiambia "sina hamu." Baadaye mshauri wa kliniki akanisaidia kuona kwamba ilikuwa hofu.

Nyotanjema, jiulize kwa upole kama kuna siku ulitapika au uliishiwa nguvu kwao.

#21 Tulivu

Waridi, nyongeza kwa ajili ya wanaosoma: hiyo ni dampingi ya mapema, chakula kinashuka haraka kwenye utumbo na kuvuta maji. Ipo na ya kuchelewa, saa moja hadi tatu baada ya kula, ambapo sukari ya damu inashuka kwa sababu insulini imetoka nyingi. Hiyo ya pili humfanya mtu atetemeke na hata kuzimia, na humkuta mtu akiwa tayari barabarani anarudi nyumbani. Ikikutokea mara kwa mara nenda kliniki. Dawa yake ya kwanza ni mpangilio wa mlo: protini kwanza, wanga kidogo, sukari kando, kinywaji kisubiri kama nusu saa.

#22 Nyotanjema

Waridi, umenifanya nikae kimya. Ilitokea, mwezi wa pili au wa tatu. Nilitapika kwao, na mmoja wao alilia kwa hofu. Tangu hapo wananiuliza "uko sawa?" kila nikimeza. Sikuwahi kuliunganisha hilo na huku kutotaka kwenda.

Hata hivyo bado sijashawishika kwamba ni hofu tu. Nikiwa peke yangu nyumbani, salama, bado zile filamu hazinivuti.

#23 Mama_Mapacha

Hilo "uko sawa?" mimi nalijua kutoka upande wa muulizaji. Tunaogopa kweli. Waambie wakuulize mara moja tu ukifika, halafu wakuachie.

#24 Kasia

Naomba nitoke nje ya mada. Baridi! Tangu nipungue nasikia baridi mahali ambapo wenzangu wamefungua madirisha. Wale wa Minnesota nao walilalamikia baridi, ndilo lililonikumbusha. Nyie vipi?

#25 Fundi_Baiskeli

Baridi ni ya kila mtu. Mafuta ya chini ya ngozi yalikuwa yanakukinga, yamekwenda. Na mwili mdogo unachoma nishati kidogo, joto linapungua.

#26 Sindano_na_Uzi

Kasia, nitumie vipimo vya mabega, sweta ipo.

#27 Waridi_Jekundu

Na nywele jamani? Zangu zilianza kubaki kwenye chanuo kuanzia mwezi wa nne hivi. Rafiki yangu mmoja aliacha kunisuka kwa sababu aliogopa kuzing'oa, na kusukana ndio ulikuwa muda wetu.

#28 Tulivu

Zinarudi, Waridi. Mshtuko wa upasuaji na kupungua haraka huzipeleka nywele nyingi kwa pamoja kwenye hali ya kupumzika, halafu zinadondoka miezi mitatu au minne baadaye. Kwa kawaida hukoma zenyewe ndani ya nusu mwaka hivi. Zikiendelea kupita hapo, angalieni protini, chuma na zinki. Wengi huelekezwa gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na wanaozifikisha ni wachache kuliko wanaosema wamezifikisha. Na mwambie rafiki yako akuchane taratibu, asikuache.

#29 Swali_Tu

Mie nimepangiwa tarehe, ndiyo maana nasoma kila kitu. Vidonge vyote hivi vya vitamini na madini mnameza saa ngapi? Mtu kaniambia nivimeze vyote asubuhi nimalize kazi.

#30 Jiwe_la_Pembeni

Hapana ndugu yangu. Kalsiamu na chuma vinazuiana, vitenganishe angalau saa mbili. Na kalsiamu yenyewe usimeze dozi ya siku nzima kwa mkupuo, mwili unapokea kama miligramu 500 au 600 kwa wakati mmoja, kinachozidi hakikusaidii. Mimi na yule jirani wa karata tunagawana ratiba: yeye ana dawa zake za presha, mimi na kalsiamu yangu, mchezo unasimama, tunameza, unaendelea.

#31 Tulivu

Jiwe kasema vizuri. Chagua kalsiamu ya sitreti kuliko ya kabonati, kwa sababu ya kabonati inahitaji asidi ya tumbo, nayo mnayo kidogo. Na maumivu yakikupata usikimbilie ibuprofeni wala diklofenaki, hasa kwenye baipasi, vidonda vya pale palipounganishwa ni hatari. Ukitapika mfululizo siku kadhaa usikae nyumbani ukisema itapita: vitamini B1 huisha haraka, na ubongo ndio unaoumia.

#32 Mzee_wa_Baipasi

Na kileo, maana sijaona aliyekigusa. Kundi langu lilikuwa la glasi, si la sahani. Baada ya baipasi pombe hupanda kwenye damu haraka na juu zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2012 uliona matatizo ya pombe yakiongezeka mwaka wa pili baada ya upasuaji. Huo mwaka wa pili uangalieni vizuri. Uchovu umekwisha, nguo zinapendeza, mtu anataka kutoka, na chakula ambacho kilikuwa kinampooza moyo hakipo tena. Nilimpoteza rafiki kwa njia hiyo. Tulifanyiwa upasuaji karibu wakati mmoja, tukasaidiana kutembea wodini, halafu nikamwona anahama kutoka sahani kwenda chupa na sikujua namna ya kumkalisha chini. Nyotanjema kusema hana hamu na chochote, mimi kwa upande huo nashukuru, kuliko hamu kuhamia kule.

#33 Sindano_na_Uzi

Pole sana Mzee.

#34 Waridi_Jekundu

Pole Mzee. Ila tusiseme kutokuwa na hamu ni baraka. Mama yangu mdogo alifanyiwa, akawa hivyohivyo, tukasema ni homoni zitatulia, kumbe ilikuwa sonona na ilihitaji matibabu. Nyotanjema, usingizi ukoje? Unalia? Umeacha na kazi?

#35 Nyotanjema

Usingizi mzuri, silii, kazi naipenda. Cha ajabu bustani imenikamata. Naamka mapema kuangalia miche. Lakini bustani nafanya peke yangu, na hilo ndilo linanipa hatia.

#36 Fundi_Baiskeli

Ahaa! Hamu ipo basi, imehama. Mimi ndicho nilichokuwa nasema tangu #13.

#37 Sindano_na_Uzi

Ni mimi niliyesema tangu #2, Fundi, tusinyang'anyane 😄

#38 Mzee_wa_Baipasi

Imehama kwa sababu ghrelini imeondoka pale na ubongo umetafuta raha pengine. Bado niko palepale.

#39 Kasia

Au imehama kwa sababu mwaka wa kwanza unaisha, anakula zaidi kidogo, mwili umefungua milango. Tusubiri miezi mingine sita tuone kama na filamu zitarudi.

#40 Mwanakwaya

Nimesoma wote, nimechelewa tu. Nyongeza ndogo kuhusu kufanya mambo na watu. Kundi letu sisi tulibadilisha mpangilio badala ya watu. Zamani tulikuwa tunakula kwanza halafu tunaimba. Sasa tunaimba kwanza, saa nzima na zaidi, halafu anayetaka kula anakula. Mimi nikifika sehemu ya kula ninakuwa nimeshapata nilichoendea, nakaa na sahani yangu ndogo bila kuhesabu dakika. Na pumzi imeongezeka mno, noti ndefu niliyokuwa naikata katikati sasa naimaliza. Kiongozi wetu kanihamisha mstari.

Na kupika sijaacha. Napikia wengine, naonja kwa ncha ya kijiko. Ladha yangu imebadilika, vitu vitamu vinanizidi, kwa hiyo kuna mtu wa kuonja sukari kwa niaba yangu.

#41 Mama_Mapacha

Mwanakwaya, hiyo ya kuimba kwanza naichukua. Nyotanjema, waite bustanini. Watatu hao wana mikono.

#42 Nyotanjema

Mmoja ana mgongo mbovu, mmoja anaogopa minyoo. Wa tatu nitamwandikia leo.

#43 Swali_Tu

Narudi na langu la mwisho kabla ya tarehe. Mimi na wenzangu shughuli yetu ni kuogelea, tumekuwa tunaogelea tangu shule. Naogopa ngozi itakayolegea. Kuna anayeogelea humu?

#44 Jiwe_la_Pembeni

Mimi. Ngozi ya tumbo na mikono italegea, kiasi gani inategemea umri, urithi, umepungua kiasi gani na kama unavuta sigara. Subiri kwanza kidonda kikauke kabisa na daktari akuruhusu kuingia majini. Vaa vazi la kubana lenye mikono mirefu, linashika ngozi isikokotwe na maji. Ukitoka kausha mikunjo yote vizuri, chini ya tumbo na mapajani, vinginevyo itakuwasha na kupata fangasi. Mafuta yaliyokuwa yanakuelesha yatapungua, kwa hiyo mara ya kwanza shuka upande usio na kina, utaona unazama tofauti na ulivyozoea.

#45 Kasia

Na maji yatakuwa ya baridi. Usiseme hatukukwambia.

#46 Swali_Tu

Nimechukua yote. Vazi la mikono mirefu linapatikana la wanaume pia, au ndio nimpe Sindano vipimo?

#47 Sindano_na_Uzi

La sufi utazama nalo. Katafute la kuogelea, lipo. Kwangu omba la kuvaa ukitoka majini, rangi uchague wewe.